Mwenye Nyumba na Mwendo wa Picha

Sikumpenda, na kwa umri huu sioni tena sababu ya kujifanya. Watu wa mtaa wetu wa Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo, wakimtaja huanza na macho yake. Mimi huanza na ulimi wake. Kwa miaka tisa nilipanga chumba na sebule ndogo nyuma ya nyumba yake. Nilimsalimu kila asubuhi, na katika miaka yote hiyo hakuniita kwa jina langu hata mara moja. Nilikuwa "ule wa photocopie", kwa sababu nina kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala karibu na soko. Basi na yeye hapa atakuwa Mwenye Nyumba, inamtosha.

Siku ya kwanza aliingia kwangu bila kubisha. Nilikuwa nimenunua televisheni yangu ya kwanza iliyo bapa, nimeiweka juu ya kasha, natazama filamu na kujisikia mtu. Alisimama mlangoni amevaa koti juu ya pajama, kama alivyopenda, akatazama kwa muda wa kumenya chungwa.

"Hii haiko filimu," akasema. "Hii ni mariage ya bantu." Yaani video ya harusi ya watu.

Akaichukua telekomande mkononi mwangu, mkononi kabisa, akaingia kwenye orodha ya mipangilio, akashuka, akaingia ndani ya nyingine, akafika mahali palipoandikwa kwa Kifaransa habari ya mwendo laini, akazima. Kwenye kioo alikuwako mwanamume anayetembea kwenye kibaraza kirefu. Kabla ya hapo alikuwa anateleza, unamwona wazi kuwa ni mtu aliyevalishwa nguo za kuazima na kupitishwa mbele ya ukuta wa mbao. Sasa alikuwa na uzito. Kila hatua yake ilitua mahali, na kile kibaraza kikawa kibaraza cha nyumba ya mtu.

Niliiona tofauti, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikuwa amesema kweli.

Hakukaa, hakuomba maji. Alinieleza akiwa amesimama kwamba filamu hupigwa picha ishirini na nne kwa kila sekunde, na ndivyo jicho letu lilivyozoea kuiamini. Televisheni za siku hizi, ili mpira uonekane vizuri, hutunga picha nyingine zisizopigwa na mtu yeyote na kuzipachika katikati, kila kitu kikawa kinateleza kama sabuni. Kwa mpira ni sawa. Kwa filamu, alisema, ni kama wewe unasimulia habari zako na mwingine pembeni anakumalizia maneno. Kisha akaenda zake na kuacha mlango wazi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa mtaa mzima. Hukuweza kununua televisheni bila yeye kunusa. Jirani mmoja alifanya karamu ya komunyo ya kwanza ya mwanawe, watu wamejaa, sahani mapajani, na Mwenye Nyumba akainuka katikati ya chakula kwenda kurekebisha televisheni ya watu. Alipomaliza aligeuza kiti chake akawapa wageni mgongo mpaka mwisho. Siku iliyofuata wenyewe walipotaka kutazama mpira waliona picha inaruka-ruka, wakamtukana wiki nzima. Yeye aliwaita macho ya samaki: yako wazi saa zote, hayaoni kitu.

Jumapili baada ya misa alituruhusu wapangaji kuingia saluni, ndiyo sebule yake. Nasema alituruhusu, kwa maana tulisimama kwanza uani mpaka atuite. Kiti kilikuwa kimoja, chake. Sisi tulikaa kwenye mkeka. Simu ziliwekwa ndani ya beseni mlangoni. Mtu akicheka mahali pasipotakiwa, filamu ilirudishwa nyuma tuitazame tena sehemu hiyo bila kucheka. Na umeme ukikatika, jambo ambalo hapa kwetu halihitaji kusimuliwa, ilikuwa marufuku kutoka, kwa kuwa filamu haijaisha. Tulikaa gizani na mapazia yamefungwa, mchana wa jua kali, watu wazima saba tunatazama kioo cheusi, na yeye kitini mikono juu ya magoti, anangoja. Niliwahi kungoja hivyo mpaka wali wangu ukaungua jikoni.

Utauliza kwa nini tulikwenda. Tulikwenda kwa sababu picha zilikuwa nzuri. Sijaona tena mahali pengine filamu ikitembea vile kwenye televisheni. Alikuwa na kifaa cha kutuliza umeme kilichokaa juu ya meza yake yenyewe, kimefunikwa kitambaa. Choo chetu sisi wapangaji hakikuwa na mlango. Uling'oka kwenye bawaba mwezi wa mvua, tukatundika gunia, na gunia likakaa karibu mwaka mzima. Nilipomkumbusha alinijibu kwamba mtu akiwa chooni anajulikana yuko chooni, mlango wa nini.

Mkewe tulimwita Mama, na heshima yote tuliyomnyima mumewe moyoni tulimpa yeye. Aliuza makaa getini. Magunia yalitoka upande wa Mutshatsha kwa malori, naye aliyagawa kwa kopo katika mafungu madogo, kuanzia alfajiri. Nyumba ile ilikula, ilivaa na ilitibiwa kwa makaa yale, na kodi zetu zilikwenda kwenye saluni. Mumewe hakumruhusu aingie saluni kabla ya kunawa mikono, na hata akinawa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango. Akitazama dakika kumi, mteja anaita getini. Anatoka, anarudi, anauliza kwa sauti ndogo yule mwenye kofia ameishia wapi, na mumewe anamnyamazisha kwa kidole. Watu wakija, Mwenye Nyumba aliwaambia kwamba mkewe hana akili ya kufuata filamu. Mama wa watu hakuwahi kuachwa aone hata moja mpaka mwisho.

Na mtu huyo huyo alikuwa analia. Nilimwona kwa macho yangu analia kimya, machozi yameingia kwenye ndevu, kwa ajili ya mtoto wa kwenye filamu aliyempoteza mama yake sokoni. Wiki ile ile binti yake alikuwa amejifungua, yuko hospitali umbali wa mwendo mfupi wa pikipiki, na Mwenye Nyumba alikuwa amekataa kwenda kumwona mjukuu kwa sababu ya vumbi la barabara.

Alipenda kutuambia kwamba zamani, kampuni ya migodi ilipokuwa na ukumbi wake wa sinema, yeye ndiye aliyekuwa operateri, mwenye mashine. Alituonyesha kwa vidole jinsi utepe wa filamu unavyopitishwa kwenye magurudumu, jinsi ya kusikiliza mlio wake, na tulimwamini. Mpaka Jumapili moja akafika mzee kutoka Lubudi, ameshuka kwenye treni na kuku hai kwapani, anauliza nyumba. Aliletwa mpaka saluni. Alimwona Mwenye Nyumba kitini akafungua mikono, kuku akapiga kelele, naye akasema kwa furaha kubwa, "Rafiki yangu ya ku rideau!"

Walikuwa wamefanya kazi pamoja ukumbini, mlangoni. Walikata tiketi na kushika pazia, ndiyo hiyo rideau, ili mwanga usiingie, ndiyo kazi yao. Yule mzee alitusimulia bila ubaya wowote kwamba mwenzake akishafunga mlango alisimama nyuma ya pazia akatazama filamu ile ile siku kumi mfululizo, mpaka akajua hatua za kila mtu ndani yake. Operateri alimfukuza, anarudi. Wakubwa walimkata siku za kazi, anarudi. Tulisikiliza kwa raha, na mtu akacheka, si kwa dharau.

Mwenye Nyumba alisema kwamba yeye hamjui mzee huyu.

Mgeni alidhani ni mzaha, akacheka yeye pia. Kisha akaacha. Alisimama katikati ya saluni na kuku wake, hakuna aliyemwambia kaa, hata mimi. Mama ndiye aliyemshika mkono akampeleka jikoni, akampa chai na bukari, ugali wa jana uliopashwa moto. Mzee aliacha kuku, akaenda kungoja treni ya kurudi.

Hapo ndipo nilipomkatia tamaa. Mtu aliyejifunza mwendo wa filamu akiwa amesimama nyuma ya pazia, anafukuzwa na kurudi, ningemvulia kofia. Angetuambia hivyo tu, ningemheshimu pamoja na choo chake kisicho na mlango. Lakini aliona haya kwa kitu kimoja kizuri alichowahi kufanya, akaweka uongo mahali pake. Na bado aliendelea kutufundisha kwamba mashine ni mbaya kwa sababu inatunga picha ambazo hazikupigwa.

Binti yake, Godelive, alikuwa mtoto pekee. Aliendesha malori makubwa ya mgodini, ule uitwao Mashamba, yale ambayo gurudumu lake linampita mtu urefu. Baba yake aliwaambia watu kwamba binti anafanya kazi ofisini. Godelive alijua, na hakumsahihisha mbele ya watu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayetazama kitu mpaka akimalize.

Alasiri moja ya Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alifika na gari la kukodi na televisheni ndani ya boksi refu kama mlango. Alikuwa ameweka akiba, Mama ndiye aliyetuambia, na alikuwa amezunguka maduka yote akiuliza ipi inakaribia sinema kuliko nyingine. Mama alitandika kitambaa kipya juu ya meza. Wapangaji tuliitwa. Godelive mwenyewe aliunganisha nyaya, akampa baba yake telekomande kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu, akarudi nyuma.

Filamu ikaanza, na sote tuliona. Alikuwa ametufundisha vizuri mno. Picha kubwa, rangi nzuri ajabu, na watu wanateleza kama sabuni.

Mwenye Nyumba alifungua mipangilio. Maandishi yalikuwa ya Kichina. Akaingia, akatoka, akaingia kwingine. Rangi ikawa ya kijani, ikarudi. Sauti ikapotea, ikarudi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mikono yake haijui iende wapi. Nilikuwa nimekaa hatua mbili nyuma yake. Kichina sikijui, lakini televisheni yangu nilikuwa nimeirekebisha mara nyingi kila umeme ulipoivuruga, na orodha ile ilikuwa imepangwa vilevile, hata kwa michoro yake. Nilipaona mahali penyewe. Alipapita mara mbili. Ningesema neno moja tu, "hapo, tata," kama tunavyomwita baba, na mambo yangeisha.

Nilinyamaza. Nisitafute maneno mengine: nilikuwa nafurahi. Nilikuwa na gunia la choo, na mzee wa kuku, na miaka ya kuitwa photocopie, na nilitaka ashindwe mbele ya watu.

Alishindwa. Aliweka telekomande sakafuni, akasema bila kumtazama binti yake, "Mutoto mwenye anashinda mu mashimo, atayua nini ya cinéma? Beba kitu yako."

Mama alimwambia mumewe, "Tata Godelive." Akasema tena. Yeye akainua mkono wa kumnyamazisha.

Godelive hakulia. Alichomoa nyaya moja moja, akazikunja. Alirudisha vipande vya povu kwenye boksi kama vilivyokuwa, na sisi tukamsaidia kubeba, tumeinamisha vichwa. Boksi lilipokwisha kufungwa kamba garini, alinigeukia mimi peke yangu.

"Nilikuona," akasema. "Ye hakuyua. Weye uliyua, ukanyamaza."

Gari liliondoka. Tangu siku hiyo nilimdharau Mwenye Nyumba maradufu, ilikuwa rahisi kuliko kujitazama mimi.

Godelive hakukanyaga tena pale. Mama alikwenda kwake kwa kificho, akisema anafuata makaa. Msimu wa mvua wa pili aliaga kwamba anakwenda kumsalimia mjukuu siku tatu, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba za wafanyakazi. Alibeba kitenge kimoja na lile kopo lake la kupimia. Nilipoona kopo nilijua kwamba harudi. Mwenye Nyumba aliwaambia watu kwamba mkewe yuko kwa ndugu zake Mutshatsha, anauguza mtu. Alianza kula mkate na samaki wa kopo, na ganda la kopo analitupa dirishani, kwetu. Jumapili aliendelea kuita watu, lakini walikuja wawili, kisha mimi peke yangu, kisha hata mimi nikaacha.

Mtaa nao ulikuwa unaliwa chini. Vijana wachimbaji waliingia kwenye viwanja vya majirani wakafuata madini, na mashimo yao hayakujua mpaka wa mtu. Ukuta wa saluni ukapata ufa unaoingiza kidole. Nilimwonyesha. Alitundika kalenda juu yake. Mimi nilihama. Mvua zilizofuata, ukuta ule ulilala chini mchana kweupe. Waliokuwepo walinisimulia kwamba walimkuta kitini, mzima, vumbi limemfunika mpaka kope, anauliza ni nani aliyefungua pazia. Aliyekuja kumchukua alikuwa Godelive.

Mwaka jana Mama alikuja kibandani kwangu kutoa nakala ya karatasi za hospitali. Alikuwa amenenepa kidogo, na mikono yake ilikuwa safi mpaka kwenye kucha. Karatasi zilikuwa za mumewe. Macho yamekwisha, akaniambia, yote mawili, madaktari wamesema hakuna cha kufanya. Aliniambia nipite kuwasalimia. Nilikubali, na sitajisifu kwamba ni kwa huruma. Nilitaka kuona.

Nilikwenda Jumapili. Godelive alikuwa zamu mgodini. Ilikuwa nyumba ndogo nadhifu, yenye viti vinne vinavyolingana. Mwenye Nyumba alikaa kwenye kimojawapo, koti juu ya pajama, uso ameuelekeza kwenye televisheni kubwa ya binti yake. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumjulia hali, naye alikuwa akiwaeleza kwamba macho yake yaliharibiwa na taa ya mashine, miaka ile alipokuwa operateri. Walitikisa vichwa kwa masikitiko. Nilimsalimu. Alinitambua kwa sauti.

"Ule wa photocopie," akasema.

Majirani walipoondoka Mama alikaa kando yake, kwenye kiti kamili chenye mgongo, akaanza kumsimulia filamu iliyokuwa inaendelea. Hivyo ndivyo walivyofanya kila siku, nilielewa.

"Sasa mwanamuke anaingia mu nyumba."

"Anaingia namna gani?"

"Anaingia pole pole."

"Pole pole ya kuchoka ao ya kuogopa? Hauyue hata kueleza."

Mama alitazama. Alitazama kweli, ameinama mbele, kama Godelive anavyotazama kitu. "Ya kuchoka," akasema. "Anashika ukuta."

Mwenye Nyumba alikubali kwa kichwa, na vidole vyake juu ya goti vikatembea, kimoja kimoja, mwendo wa mtu aliyechoka. Nilitazama vidole vile kisha nikatazama kioo, na vilikuwa sawasawa. Halafu akamwambia Mama kwamba ameruka kitu, amesema upesi mno, sauti yake inafunika muziki, mwanamke gani huyu asiyejua kufuata. Vidole vilikuwa bado vinatembea, na ulimi haukupumzika. Nilijisikia ile chuki yangu ya zamani ikirudi, nzima, haijapungua kitu, na nilikuwa karibu kusema neno.

Mama aliinuka. Alikunja kitenge vizuri kiunoni, akaingia jikoni.

Nilibaki naye. Filamu ilikuwa inaendelea, yule mwanamke sasa anafungua barua. Mwenye Nyumba alingoja kidogo, kisha akasema kuelekea upande wangu, "Weye basi. Eleza."

Nilimwambia kwamba nina safari, nimepita kuwasalimia tu. Hakuninyoshea mkono. Nilipita jikoni kuaga. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya bukari na mboga mbele yake, anakula kwa kituo, anafinyanga kila tonge mpaka liwe duara.

Kutoka sebuleni mumewe aliita. Akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi, akitaka kujua barua imesema nini.

Nilimtazama Mama kama vile kumuuliza nirudi nikamwambie. Alitikisa kichwa, akachovya tonge kwenye mboga.

"Atangoya," akasema. "Mi niko nakula."